Salamu za Baba Justa

Mwaka ule pamba ilipokubali sana kijijini Didia, Pantaleo aliacha kumpakia mkewe kwenye baiskeli. Hawakugombana. Jumapili moja tu Mektilda alitoka nje amejitanda khanga yake ya kanisani, akakuta baiskeli imeegemezwa ukutani na mumewe keshaondoka kwa miguu.

"Nimeona nitangulie," alimwambia baada ya misa.

Jumapili iliyofuata akatangulia tena.

Tangu waoane Mektilda alikuwa amezoea kukaa kwenye keria, mkono mmoja kiunoni mwa mumewe, wakipanda kilima cha kanisa huku vijana wakiwapigia miluzi. Sasa binti yao Justa alikuwa ameolewa, nyumba imebaki ya wawili, na ndipo mwenzake anamkimbia. Alijitazama kwenye kioo. Kunenepa amenenepa, ndiyo, lakini hakuanza jana.

Kilichomchoma zaidi ni sifa za watu. Pantaleo wa zamani alikuwa mtu wa haraka, anakupita njiani hata salamu ya "mwangaluka" haijamtoka vizuri mdomoni. Siku hizi alisimama kwa kila mtu, akauliza habari za watoto, za ng'ombe, za mvua.

"Mumeo kawa mtu wa watu siku hizi," jirani yake Anisia alimwambia.

Mektilda alicheka, lakini kicheko hakikufika moyoni. Ana muda na kila mtu, aliwaza, isipokuwa mimi.

Asubuhi moja, akirudi kisimani na ndoo kichwani, alimwona mumewe mbele yake, kabeba kiroba cha mahindi begani. Ghafla Pantaleo akakitua, akashika nguzo ya uzio, ngumi ameibana katikati ya kifua. Njia ilikuwa tupu. Hapakuwa na wa kumsalimia. Mektilda alipomkaribia aliona jasho linamtiririka, na jua lilikuwa bado halijakolea.

"Baba Justa! Una nini?"

"Aa, nilikuwa naangalia pamba ya watu."

"Pamba ipi? Si wameshang'oa yote?"

Mektilda hakungoja jibu. Kesho yake walipanda basi kwenda hospitali mjini Shinyanga.

Daktari alikuwa dada wa Kikurya aliyeitwa Bhoke, umri wake kama wa Justa. Aliwaamkia shikamoo, wakaitikia, akavuta kiti karibu.

"Baba, kifua kinauma?"

"Hakiumi."

Mektilda alifungua mdomo, lakini daktari akamzuia kwa mkono, kwa upole.

"Basi tuache habari ya kuuma," alisema Bhoke. "Kuna kazi uliyokuwa ukiifanya mwaka jana, mwaka huu umeiacha?"

Pantaleo aligeuzageuza kofia yake magotini.

"Nimeacha kumpakia huyu kwenye baiskeli."

Akaendelea, macho chini. "Nikianza kile kilima, ni kama mtu kaniwekea robota la pamba kifuani, kisha akalikalia. Linabana mpaka tayani, na mkono huu wa kushoto unakuwa mzito. Nikisimama, linaondoka. Kwa hiyo nasimama. Nikiona mtu namsalimia, asijue."

"Na kwenye tambarare?"

"Nikienda polepole, hapana. Nikikimbiza ng'ombe, linakuja. Nikitembea nimeshiba, linakuja."

"Ukiwa umekaa tu, au umelala?"

"Hapo halijanifuata."

"Mbona hukumwambia mama?"

"Angeacha kwenda kanisani kwa ajili yangu. Na nilihofia nitamwangusha. Mimi ningeinuka, lakini yeye?"

Mektilda alijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Kumbe! Nilidhani umenichoka."

Pantaleo aligeuka, kofia ikamponyoka. "Nikuchoke wewe, Mama Justa?"

Daktari alimpima presha, akamsikiliza moyo. Akawaeleza kuwa mishipa inayoulisha moyo damu imekuwa myembamba. Moyo ukifanyishwa kazi nyingi, damu haiutoshi, nao unalalamika. Alimpa vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi, akae kwanza ndipo aweke. Mizigo mizito basi. Na lile robota likimjia akiwa amekaa, au likikataa kuondoka, waje hospitali mara moja. Mektilda alisikiliza mpaka mwisho, asisikie neno kupona. Hakuuliza.

Wakielekea stendi, Pantaleo alipunguza mwendo. Mkewe naye akapunguza.

"Limekuja?"

"Kidogo."

Walikaa kwenye baraza ya duka la vitambaa. Pantaleo aliweka kidonge chini ya ulimi, akakunja uso. "Kinachoma." Mektilda aliushika mkono wake palepale mbele ya watu, jambo ambalo hawajawahi kulifanya mjini.

"Kulima atatusaidia Donatus, mume wa Justa," alisema. "Na kanisani tutatoka mapema, twende wote, tupumzike unapotaka."

"Wabeja, ahsante mke wangu." Akavuta pumzi. "Limeondoka. Twende, basi litatuacha."

"Acha lituache," akasema Mektilda, na mkono hakuuachia.