Kitufe Kilichobanwa kwa Jiriwa

Mzee Mfaume hakuwahi kuacha kitu kizuri kikae uchi. Rimoti ya televisheni ilivishwa nailoni tangu siku ilipotoka dukani, na viti vya sebuleni, alivyovitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, vilikuwa bado vimefunikwa plastiki iliyonata mapajani mwa wageni wakati wa joto. Alikuwa na sababu. Karakana yake ilikuwa barazani, kama zilivyo karakana nyingi za Keko, na kila randa ilipopita juu ya ubao vumbi liliingia ndani, likatua juu ya sahani, juu ya mito, na hata masikioni mwa watu.

Kwa hiyo kompyuta mpakato ya binti yake Shamimu nayo ilikuwa na vazi lake. Mzee aliikatia nailoni laini, akaitandaza juu ya vitufe na kuibana kingo kwa selotepu. Na kila ilipochakaa, aliibadilisha mwenyewe. Jumamosi hiyo Shamimu alikuwa ametoka kwenda kumwona mwalimu mwenzake aliyejifungua, na mzee akaona wasaa ndio huo. Akaishika nailoni kuukuu kwa upande mmoja, akaivuta kwa pupa. Ukasikika mlio mdogo. Kitufe kirefu cha chini, kile kinachotenganisha maneno, kilikuja pamoja na selotepu, vijiguu vyake vya plastiki vimekatika.

Katika nyumba ile kila binti alipoolewa alitolewa kwa kitanda alichotengeneza baba yake. Dada wawili wa Shamimu walikwenda kwa waume zao na vitanda vyao. Cha Shamimu kilikuwa tayari, cha mninga, kimenakshiwa maua upande wa kichwani, kimeegemezwa ukutani kikingoja mchumba, binti alipopata nafasi katika chuo cha ualimu. Mzee alikiuza kitanda kile, akarudi na kompyuta iliyokwisha kutumika, akiwa ameifunga ndani ya shuka jipya.

"Wenzio niliwapa vitanda," alimwambia siku ile. "Wewe nakutoa kwa hii. Usije ukasema baba yako hakukutoa."

Sasa Shamimu alikuwa mwalimu, na mzee kila alipomwona ameinamia mashine ile alijisikia ametimiza wajibu wake. Ikiwa mashine imekufa, je, alikuwa amempa binti yake nini? Kitanda hakipo, na hicho kilichokuwa mahali pa kitanda nacho hakipo.

Akafanya alilolijua. Alichukua gundi ya mbao, akaipaka chini ya kitufe, akakirudisha mahali pake, akaikaza kompyuta kwa jiriwa, chuma chake cha kubania mbao.

"Mume wangu," alisema mkewe, Mwajabu, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, "hiyo unayoibana kwa jiriwa ni laptop?"

"Nimeitilia kitambaa. Haitachubuka."

"Ahaa. Ukimaliza uipige msasa, kisha vanishi."

"Wee Mwajabu, chungu chako kinaungua."

Baada ya chakula cha mchana aliifungua jiriwa. Kitufe kilikuwa kimeshika barabara, kilishika mno. Hakikushuka wala hakikupanda, na maneno aliyoyajaribu Mwajabu yalitoka yameshikana kama samaki waliotungwa kwenye ukili.

Mzee aliifunga kompyuta ndani ya kanga, akaenda nayo Buguruni, kwenye kibanda cha Isack, fundi wa kompyuta aliye nyuma ya soko.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Tazama hiki kitufe."

Isack alikitazama, akakigusa kwa kucha, akamtazama mzee. "Kimegundishwa na nini hiki?"

"Gundi ya mbao."

"Duh! Basi hakitoki hata kwa dua."

Alifungua skrubu za chini, akaeleza kwamba gundi ilikuwa imepenya ndani, kwa hiyo kitufe kimoja hakingetosha. Ingebidi kuweka kibodi nzima, nayo ilikuwapo, aliitoa katika mashine iliyokufa. Mzee akashusha pumzi. Lakini Isack aliendelea kuinamia. Betri ilikuwa imevimba kama andazi, feni ilizunguka kwa kusuasua, na ubao wa ndani ulikuwa na alama nyeusi ya kuungua.

"Kibodi nitakuwekea, mzee. Ila mie ningekuwa wewe ningetafuta mashine nyingine. Hii imechoka. Itamzimikia mwenyewe siku yoyote."

"Wewe weka tu."

"Naweka. Itaonekana nzima. Lakini sikufichi: ni kuonekana tu."

Neno hilo lilimchoma. Juzi tu Mama Editha, mteja wake wa siku nyingi, alimletea kochi la marehemu mumewe lililoliwa na dumuzi. Wapo mafundi ambao wangechanganya vumbi la mbao na gundi, wakaziba matundu, wakapaka vanishi, na mama yule angerudi kwake anacheka, mpaka siku kochi litakapomwangusha mgeni. Mfaume hakufanya hivyo. Alimwambia machoni pake kwamba kochi limekwisha. Mama Editha alilia palepale barazani. Mzee akachagua mbao zilizokuwa bado nzima, akamtengenezea kigoda, lakini ukweli hakuurudisha nyuma. Na leo alikuwa amesimama Buguruni akiomba binti yake mwenyewe azibiwe matundu.

"Ifunge," alimwambia Isack. "Nirudishie kama ilivyo."

Shamimu aliporudi alimkuta baba yake sebuleni, bunda la kanga limelala mapajani.

"Shikamoo, baba. Mbona umeipakata laptop kama mtoto?"

Mzee alimweleza yote, kuanzia selotepu hadi betri. Alipotaka kuiruka jiriwa, Mwajabu alimkumbusha. Shamimu aliziba mdomo kwa ushungi wake, mabega yakamtetemeka, na mzee hakujua kama ni kicheko au kilio. Alipouondoa ushungi, vyote viwili vilikuwapo.

"Baba, shuleni walitaka kunipa nyingine. Walimu wote wamepewa. Mie nimekataa."

"Umekataa kwa nini?"

"Ningekuja kukwambia nini hapa nyumbani?"

"Kwani hii inakusumbua?"

"Inazima katikati ya kazi. Mtihani mmoja naandika mara mbili."

"Na ukanyamaza, Shamimu!"

"Kila nikitaka kusema, naikuta imevaa nailoni mpya. Ningeanzaje, baba?"

Mzee aliegemea kiti, na plastiki ikalia chini yake. Alijua kwamba akitamka tu kuwa kibodi ya Buguruni iwekwe, binti yake ataitikia, atashukuru, na ataendelea kuandika mara mbili.

"Nisikilize," alisema. "Usinijibu kama baba yako. Nijibu kama mteja aliyekuja barazani. Itengenezwe hii, au unaitaka ile ya shuleni?"

Shamimu alitazama sakafu. "Naitaka ile ya shuleni."

Iliuma. Uso wa Mama Editha alikuwa ameuona kwa nje. Sasa aliujua kwa ndani.

"Kaichukue," alisema.

"Baba, hii kazi yake imekwisha. Ulishanitoa. Mie ni mwalimu, hilo halirudi nyuma."

Mzee aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kisha akatoka kwenda barazani akisingizia kikohozi.

Jumatatu, Shamimu aliporudi na mashine ya shule, walikwenda pamoja kwa Isack. Kazi zote za Shamimu zilihamishwa, na mzee akaomba vitufe vilivyo vizima vitolewe, wapewe wengine watakaovihitaji. Kile kirefu kilibaki pale pale. Hakuna aliyeweza kukitoa.

Jioni ile Shamimu aliiweka kompyuta ya shule juu ya meza, nyeusi, inang'aa. Vumbi la mbao lilikuwa tayari linaelea mlangoni. Alipoinua uso alimwona baba yake amesimama karibu, mkasi mkono huu, nailoni mkono ule.

"Baba!"

"Hii?" mzee alisema, akaitazama nailoni kana kwamba amewekewa na mtu mwingine. "Hii ni ya rimoti."

Akaichukua rimoti, akaketi, akaanza kuivua vazi lake la zamani, taratibu sana safari hii.