Chini ya Robota

Kwa maneno ya Mama Mkaa, jirani wa mlango wa pili, yule kuli alikutwa ghalani na bunduki begani kama mchi, anacheka, anasema, "Leo na mimi tajiri!" Mama Mkaa hajawahi kulikanyaga ghala hilo. Lakini alisimulia mpaka rangi ya soksi, na wanawake bombani wakatua ndoo wasikilize.

"Jirani," mke wa kuli akamkatiza, "wewe ulikuwa umejificha robota gani?"

Wakacheka. Yeye hakucheka. Akajitwika ndoo yake akaondoka.

Makuli wenzake na mumewe walishamweleza, kwa kunong'ona. Robota la mitumba lilikuwa zito kupita nguo. Kila aliyeligusa aliliacha. Mumewe akajitia kifua mbele. Likamteleza, likamvunja mguu, likapasuka. Katikati ya makoti ikachomoza mitutu. Makuli wakatazama pembeni, wakaokota mashati yao, wakaenda zao. Yeye angekwenda vipi, naye yuko chini ya robota? Akapiga kelele aokolewe. Waliokuja ni polisi.

Mke alipofika kituoni, mpelelezi alimkaribisha vizuri, akamvutia kiti.

"Shemeji, za nyumbani?"

"Njema, afande. Mguu wake umeanza kunuka, harufu inafika hapa."

"Pole. Ila hii si kesi ya kuku, hii ni ya kimataifa. Kuna mkataba. Namba za zile bunduki tumezipeleka ng'ambo, kule zilikotengenezwa, watuambie walimuuzia nani. Wasipojibu, mtu wetu haondoki."

"Na mwenye mzigo?"

"Yuko nje. Huwezi kuingia nchi ya watu ukamkamata mtu hivi hivi. Mkataba una taratibu zake."

"Mume wangu mliweza."

"Mume wako yuko hapa," mpelelezi alisema, kwa upole kabisa, kama anayemweleza mtoto kwamba jua ni la moto.

"Basi apelekwe hospitali."

"Akitoroka?"

"Kwa mguu upi, afande?"

Askari wa kaunta alicheka puani, akanyamaza alipotazamwa.

Walimruhusu amwone, mlango wazi. Mumewe alikuwa kwenye benchi, macho yamezama, midomo imebabuka. Mguu umevimba, ngozi inang'aa kama bilauri. Pingu ilikuwa imefungwa hukohuko, kwenye mguu uliovunjika, maana pete ya ukutani ilikuwa upande huo. Chuma kimezama nyamani; ukingo wake hauonekani tena.

"Mama watoto," alisema, "waambie hawa mimi ndiye niliyepiga kelele."

"Wanajua, baba."

"Wanajua?"

Mke akageukia mlangoni, alipoegemea mpelelezi.

"Afande, sikuombi umwachie. Benchi nitalisogeza mwenyewe. Hamisha tu pingu, ije kwenye mguu huu mzima."

Mpelelezi aliutazama ule mguu. Akatazama pete ya ukutani. Kisha simu yake ikaita, akaipokea, akawa anamsikiliza mtu wa mbali kwa heshima kubwa, huku funguo zikining'inia mkandani.