Kifaa Kilichozimwa

Kitindamimba wa mama yao alirusha helikopta ya jeshi. Dada yake aliongoza ndege kutoka mnara wa uwanja. Anga lilikuwa moja, ndege za abiria na za jeshi zikipishana juu ya mto. Kanuni ilitaka kila helikopta ipite chini, karibu na maji, ikiwa imewasha kifaa kinachoionyesha kwenye skrini za mnara. Ila mkuu wa kikosi aliruhusiwa kukizima kwa safari za siri, na mkuu huyo alitaka siri hata akienda kunyolewa.

"Leo hutaniona tena kwenye skrini," rubani alimwambia dada yake asubuhi, akifunga buti mlangoni kwa mama. "Mzee anakwenda harusini. Kasema nizime, kwenda na kurudi."

"Kataa."

"Nikatae, kesho nifagie uwanja wa gwaride?" Akacheka, akaondoka.

Alasiri alimshusha mkuu, akaanza kurudi peke yake. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, akapanda kidogo kuukwepa. Wakati huo dada alikuwa anateremsha ndege ndogo ya abiria. Kwenye skrini, njia ilikuwa nyeupe. Hata hivyo alijua mdogo wake yuko angani, akashika redio, akaiita helikopta. Akaita tena, safari hii kwa jina la nyumbani.

"Kitinda, uko wapi?"

"Nipo juu ya daraja, da—"

Vikagongana; hakuna aliyepona, si kwenye helikopta wala kwenye ndege.

Msibani mkuu alikuja na magwanda yaliyopigwa pasi, akakaa karibu na mama, akamshika mikono.

"Pole, mama. Kijana alikizima mwenyewe, kwa utundu tu. Na mnarani nako walizubaa."

Dada alikuwa ameshika sinia la chai. "Mwongo! Wewe ndiye uliyemwamuru!"

Mama hakumtazama mkuu. Alimtazama binti yake.

"Ulimsikia mdogo wako, ukashindwa kumpitisha?"

"Sikumwona, mama. Kilikuwa kimezimwa."

"Mimi ningemwona."

Mkuu akaomba sukari.

Baadaye kanuni ilibadilishwa: vifaa visizimwe kamwe, isipokuwa kwa safari za wakuu. Dada akarudi mnarani, maana watu wa kazi ile ni wachache. Mama akahamia kwa mwanawe mkubwa wa kiume, akawaambia majirani wapya kwamba hakujaliwa binti.

Siku dada alipokwenda kumsalimu, mama alifungua mlango nusu.

"Shikamoo, mama."

"Unamtafuta nani?"