Mkono wa Bi Hafsa

"Nani anakubali bahari ifungwe?"

Mikono ikapanda juu, yote, wala hakuna aliyemtazama mwenzake kwanza. Bi Hafsa, aliyekaa mbele, aliinua wake mpaka mtandio ukamdondoka begani, na akacheka, maana swali lenyewe aliliona la kitoto. Nani asiyekubali bahari ifungwe? Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake kuifunga. Kamera yangu ikalia mara moja. Ile nyingine, ya kijana waliyekuja naye watu wa gesi kutoka Maputo, ikalia mfululizo.

Najua mtasema walikuwa wajinga. Nimeshayasikia hayo, tena kwa watu ambao hata kamba hawajawahi kumwona akiwa hai. Kwetu kufunga si kupiga kufuli. Ukisikia fulani kafunga, unajua magharibi atafuturu. Na bahari ni hivyo hivyo. Kijiji cha Bi Hafsa, kusini ya Palma, kilikuwa na mwamba unaoitwa Fungu la Wajane, ambako wanawake walishuka kuchokoa pweza maji yakipwa. Ilifika wakati pweza wakawa hawapatikani, na wakipatikana ni vitoto vya kutia huruma. Bi Hafsa akasimama akasema tufunge. Wakamcheka wee! Mjane huyu, watoto wake watakula mchanga? Alichomeka mti wa mkoko juu ya mwamba, akautundikia kitambaa cheupe, na mguu wa mtu haukukanyaga pale mpaka pweza wakakua.

Siku ya kufungua, aliyefunga ndiye anayetangulia. Anaung'oa ule mti kwa mkono wake, anasoma dua, ndipo wengine wanashuka. Pweza wa kwanza anapewa mjane mwenye watoto wengi. Baada ya hapo ni mbio na matusi ya mzaha, na jioni kijiji kizima kinanukia pweza wa nazi. Waliomcheka wakaja kumwita mama.

Mimi Abibo nilikuwa na kibanda cha picha karibu na soko la Palma. Nilipiga za vitambulisho, za harusi, na za watoto wa shule waliotoa macho. Gesi ilikuwa imeshaonekana chini ya bahari na mji ulikuwa umejaa wageni; mgeni njoo mwenyeji apone, tulisema, na kweli tuliamini. Ndipo jumuiya moja ya kulinda bahari ikaniita niwapige picha viongozi wa vijiji vya pwani, kila mmoja mahali anapopalinda. Nilimpiga Mzee Suleimane ndani ya mikoko yake, matope yakiwa magotini, akinifokea nisimkanyagie miche. Nikampiga Bi Hafsa juu ya mwamba, ameushika mti wake ambao bado hajauchomeka.

"Usinitoe sura ya huzuni," aliniambia. "Watakaoiona watadhani naomba."

"Basi cheka, mama."

"Nicheke nini? Wewe Abibo unapiga watu kutwa nzima na hakuna anayekushtaki polisi!" Akacheka mwenyewe, nami nikaiwahi.

Alasiri ya siku ile ile ndipo ulipofanyika ule mkutano wa kuinua mikono. Mkalimani alikuwa Feliciano, Mmakonde wa huko juu Mueda, mtu mpole aliyeoa kijijini na kuzoea maneno ya pale. Mkubwa wa watu wa gesi aliongea Kireno kirefu, kuhusu meli na usalama na mipaka. Feliciano akasikiliza, akakuna shingo, akatafuta neno ambalo wanawake wale wangelielewa. Akalipata, neno lao wenyewe: kufunga. Simlaumu mpaka leo, maana hata mimi nisingepata jingine.

Kesho yake Bi Hafsa akaenda kuchomeka mti wake, amejaa furaha. "Hata wageni wamekubali kufunga pamoja nasi," aliwaambia wenzake. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Miezi ikapita, pweza wakakua. Nikaalikwa kwenye kufungua. Wanawake walikuwa nyuma yake na vikapu, wengine wanaimba, maji yamepwa mpaka mwamba umetoka mgongo. Tulikuwa hatujaufikia mti boti ikaja kwa kasi, ina askari, na Feliciano amekaa katikati yao ameinamisha kichwa.

"Mama, rudini," akasema Feliciano kwa niaba yao. "Hapa pamefungwa."

"Najua pamefungwa. Si mimi niliyefunga? Leo nafungua."

Aliyekuwa mkubwa wa boti akatoa karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, akamwonyesha. Ilikuwa picha ya mkutano, ya yule kijana wa Maputo. Akamgusa Bi Hafsa wa kwenye karatasi kwa kidole, kisha akamnyooshea aliyesimama majini.

"Anauliza, hukuinua mkono?"

Angeweza kukana. Nilimwombea akane, Mungu anisamehe. Lakini Bi Hafsa hakuwa mtu wa kuukana mkono wake mwenyewe mbele ya watu.

"Niliinua," akasema. "Sasa Feliciano, baba, waulize. Wanafungua lini?"

Feliciano akauliza. Yule mtu akajibu kwa neno moja, na Feliciano akatazama maji.

"Waulize tena."

"Hakuna kufungua, mama."

Zile nyimbo zilizokuwa nyuma yetu zikakatika. Askari wakaung'oa ule mti kwa mikono yao, wakautupa ndani ya boti pamoja na kitambaa chake, na sisi tukarudi na vikapu vitupu. Nilikuwa na hasira ya kutaka kumpiga mtu, na sikujua nimpige nani.

Wiki ile akaja kibandani kwangu, amevaa kanga mpya, amejipaka wanja.

"Nipige nyingine," akasema. "Safari hii nishushe mkono."

"Bi Hafsa, picha haifuti picha."

"Wewe piga! Wao wana yao, na mimi niwe na yangu."

Akasimama mbele ya kile kitambaa cha buluu cha picha za vitambulisho, mikono chini, viganja vimebana mapaja. Sijapata kumwona mtu akishusha mikono kwa nguvu namna ile. Niliisafisha usiku ule ule, akaipeleka kwa administrador, mkuu wa wilaya. Yule bwana akaitazama, akaigeuza nyuma, akaitazama tena.

"Mama," akamwambia, "hapa umesimama tu."

Alinisimulia mwenyewe na akajaribu kucheka. Kicheko hakikutoka. "Saumu gani hii, Abibo," akaniuliza, "isiyo na futari?" Baadaye kijiji chao kikahamishwa, wakapewa nyumba za saruji mbali na maji, na wanawake waliojua kila tundu la mwamba wakawa wanakaa barazani kutwa wakitazamana.

Kisha waasi wenye bunduki, waliokuwa wakichoma vijiji vya jirani, wakaingia Palma. Sitaki kuyasimulia. Kila mtu alikimbilia alikoweza, na Bi Hafsa alishika njia ya porini, upande wa Pundanhar, na bintiye Cadija. Hakufa kwa risasi, alikufa kwa kiu. Cadija alimzika kwa kanga, yeye na wanawake wawili, wakichimba kwa kijiti na vidole.

Kibanda changu kiliungua chote. Maharusi, watoto wa shule, Mzee Suleimane na matope yake, Bi Hafsa na mti wake, Bi Hafsa wa mikono chini, vyote majivu.

Nilikutana na Cadija mjini Pemba, huku huku Msumbiji, amekonda, anaishi kwa watu.

"Kaka Abibo, huna hata moja?" akaniuliza. "Nafumba macho nimwone mama, namwona alivyokuwa kule porini. Sura yake ya nyumbani imeanza kunipotea."

Nilitafuta. Niliuliza kila niliyempiga picha, na kila mmoja alikuwa amekimbia mikono mitupu. Mwisho nikaiona mahali nisipotarajia, katika ofisi moja mjini, nikingoja zamu yangu: kitabu kikubwa cha watu wa gesi, kinang'aa, kimewekwa mezani cha kupitishia wakati. Ndani yake mkutano ule, mikono juu, na chini yake Kireno kikisema jamii yaridhia. Nikauchana ukurasa mbele ya karani. Angethubutu kutamka neno siku ile, tungeuana.

Nilimpelekea Cadija picha ile. Akaiweka magotini, akaitazama kwa muda mrefu, machozi yanashuka na hayafuti.

"Ndiye," akasema. "Anacheka."

Halafu akauona ule mkono. Akaikunja karatasi pembeni, pale penye bega, polepole, kama anayekunja nguo ya mtu aliyelala, mpaka mkono ukaenda nyuma. Akaupitishia ukucha mkunjo ule, ukalala sawasawa.

"Haya, mama," akasema. "Shusha mkono, ufuturu."