Mtoto Aliyefungua Mlango Mwenyewe

Pale kliniki ya hospitali, mkunga mzee walimwita Bi Chumvi, maana hakuna habari iliyopita mdomoni mwake ikatoka kavu. Kazi yake ilikuwa kukaa na wajawazito waliowahi kupasuliwa, waamue pamoja: safari hii kisu tena, au wajaribu kusukuma.

Siku hiyo alikuja mke wa fundi cherehani na mama mkwe wake.

"Mwanangu, kovu lako limekaa vizuri," Bi Chumvi alimwambia. "Ukitaka kusukuma, utasukumia hapa hapa, chumba cha upasuaji kikiwa jirani. Uchungu ukianza tu, njoo. Kovu likiachia uko nyumbani, hatutawahi."

Midomo ya binti ikaanza kutetemeka. Bi Chumvi hakuwa na kifua cha kuvumilia uso wa hofu. Akatoa dawa yake ya siku zote.

"Nilikuwa na mmoja, kapasuliwa mara mbili. Uchungu ukamkuta jikoni anakaanga vitunguu. Hajaepua sufuria, mtoto kashatoka, kafungua mlango mwenyewe, kaenda kumwita baba yake."

Mama mkwe alicheka mpaka akajishika mbavu. Binti naye akacheka, akachagua kusukuma.

Uchungu ulimshika alfajiri. Akaomba apelekwe.

"Tulia, mama," mkwewe akamwambia. "Mwenzio kapasuliwa mara mbili na kazalia jikoni. Wewe mara moja tu, haraka ya nini?"

Walipofika hospitali jua lilikuwa linazama, na kovu lilishaachia. Mtoto alitolewa hana uhai. Kizazi nacho wakakitoa, ili angalau mama apone.

Bi Chumvi alimkuta mama mkwe kwenye benchi la korido, viatu vya binti mapajani.

"Ile ya kufungua mlango nilijua umetia chumvi," mama mkwe alisema taratibu. "Mimi si mjinga. Nikaitoa. Nikabaki na ile ya jikoni."

Bi Chumvi akaketi kando yake. Angemwambiaje kwamba hata jiko halikuwepo, wala vitunguu, wala huyo mwanamke?

Wiki iliyofuata alikaa kitini mwingine mwenye kovu, dada yake kando. Bi Chumvi akawaeleza kila kitu kikavu, faida na hatari, bila hata tone la mzaha. Wakamtazama kama watu walioletewa sahani tupu.

"Bibi, tupe ile ya vitunguu," dada akaomba. "Huko mtaani wanasema mtoto alirudi kapakiwa kwenye baiskeli ya baba yake."

"Ile ni uongo. Niliitunga mimi. Kuna binti aliiamini, akachelewa kuja. Mtoto wake amekufa."

Wale ndugu wakatazamana, wakibana kicheko. Dada akavuta kiti karibu, akaegemeza kidevu kiganjani.

"Enhe," akasema. "Halafu?"