Jiwe la Mbongeleni Limelipwa

Mfuko wa mkate! Humo ndimo MaHadebe alimobebea madeni yake yote. Karatasi zimekunjamana, zina chenga za mkate, na Bi Reshma, mshauri wa madeni, anazikung'uta moja moja juu ya meza yake pale Pietermaritzburg kama mtu anayechambua mchele.

Na mambo yalikuwa yanaenda, jamani! Duka la sofa, ndani ya mpango. Duka la nguo, ndani. Kampuni ya mawe ya makaburi, ndani. Hata yule mkopeshaji wa mtaani anayekaa na kadi ya benki ya MaHadebe mfukoni, Bi Reshma akampigia simu hapo hapo, akamwambia kadi irudi leo au wakutane polisi.

"Mama, kuanzia sasa unalipa mara moja tu kwa mwezi, kiasi unachokiweza. Sisi tutawagawia. Hakuna wa kukusumbua."

"Hata yule wa sofa? Yule ananipigia alfajiri niko chooni!"

"Akipiga mpe namba yangu. Na mimi huwa niko chooni."

MaHadebe akacheka mpaka akashika mbavu. Tangu Mbongeleni, mumewe, afariki, mwaka mzima, hajacheka hivyo. Akajiona kabisa amekaa kwenye nyumba yake kule Imbali, vyumba vinne na mti wa ndimu, hapigiwi kelele na mtu.

Ikabaki karatasi moja chini ya mfuko. Ina mhuri. Bi Reshma akaisoma, akarudia kuisoma, akavua miwani.

"Hii samansi ya mkopo wa nyumba uliipata lini?"

"Jumanne ya wiki ile tuliyochinja. Ilibandikwa getini. Nikadhani ni mambo ya umeme, nikaiweka juu ya friji."

"Mama, mwezi uliopita uliniambia kwenye simu unakuja Ijumaa. Nilikusubiri. Kwa nini hukuja?"

Kwa nini? Kwa sababu ya wifi yake, Zibuyile, ndiyo sababu! Alhamisi ile Zibuyile alikuja mbio, kanga ya kiunoni inamfunguka njiani.

"Wee MaHadebe, akili zimekuruka? Ukishasaini huko, hakuna duka litakalokukopesha hata sindano! Kaka yangu aendelee kulala chini ya kibao cha namba kama gari bovu? Jiwe kwanza! Hao washauri hawakimbii."

MaHadebe akaona kweli. Mwaka umeisha, watu wanasubiri kufunuliwa kwa jiwe la kaburi. Akakopa jiwe jeusi linalong'aa, lenye picha ya Mbongeleni ametabasamu. Wakachinja, pombe ya mtama ikanyweka, ukoo wa mumewe, Mncwabe, ukamsifu.

Na washauri kweli hawakukimbia. Benki ndiyo iliyokimbilia mahakamani.

"Deni likishafikishwa mahakamani, sheria hainiruhusu kuligusa," Bi Reshma akasema polepole. "Ungekuja kabla ya hii samansi, nyumba ingeingia humu na mengine."

"Basi toa jiwe! Weka nyumba, wao wachukue jiwe lao."

"Jiwe lina jina, mama. Na lina picha. Watamuuzia nani?"

Bi Reshma aliwaandikia benki barua, akaomba, akaomba tena. Wakajibu kwa adabu: malimbikizo yote, kwa mkupuo. MaHadebe anafua mashuka ya hospitali. Mkupuo atautoa wapi?

Basi akalipa yale aliyoruhusiwa kulipa. Mwezi kwa mwezi, hakukosa hata mmoja. Baada ya mwaka na nusu ikaja barua ya kumpongeza: jiwe limekwisha. Wiki hiyo hiyo dalali wa mahakama akaiuza nyumba mnadani, kwa mwanamume ambaye alikuja kugonga gonga kuta, akachuma ndimu tatu bila kuomba.

Jumamosi ya kuhama, mchana kweupe, Zibuyile alikuja na tawi la mkunazi. Mbongeleni alifia hospitali, na tawi kama hilo ndilo walilochukulia roho yake kitandani, wakaileta nyumbani. Sasa nyumba inaondoka. Lazima achukuliwe tena.

MaHadebe akalishika tawi, akasimama chumbani.

"Mbongeleni, Mncwabe wangu, ni mimi. Inuka. Tunahama. Tunakwenda..."

Dada yake wa Howick alikuwa amesema njoo. Jana kasema ngoja kwanza, shemeji yako hajakubali.

"Mtajie mahali, wifi," Zibuyile akanong'ona. Sauti ya kelele yote imemwisha. "Usipomtajia atabaki na wageni." Akafuta pua. "Ningekuwa na zaidi ya kile chumba cha kupanga..."

Nje mwenye nyumba mpya akapiga honi.

"Tunakwenda kwenye jiwe lako," MaHadebe akasema. "Lile limelipwa."

Zibuyile akafungua mdomo amkataze, maana roho iliyokwisha kuletwa nyumbani hairudishwi makaburini. Akaufunga. Akabeba sufuria.

Dereva wa pikapu aliliona tawi, akavua kofia.

"Wapi?"

"Makaburini," Zibuyile akajibu.

"Halafu?"

Dereva akamtazama MaHadebe. Aliyeshika tawi haongei na walio hai mpaka amfikishe mtu wake. MaHadebe akatazama mbele, tawi limelala mapajani, na siku hiyo alishukuru kwamba haruhusiwi kujibu.