Vikanyagio Vilivyokolea Chumvi

Nina ngazi: nikipanda ni ngazi, nikitaka kushuka ni chakula. Usijisumbue kutegua. Hata Orrin Baumgart asingekitegua kitendawili hicho asubuhi ile, na ngazi ilikuwa yake, ameifunga kwa mikono yake mwenyewe.

Orrin alikuwa na miaka sitini na sita, magoti yanayolia kama bawaba za zizi, na mdogo wake mmoja wa kike, Verna. Kila mwezi wa kumi na moja, kulungu madume wanapopandwa na wazimu wa kutafuta majike, ndugu hao wawili huhamia kwenye kibanda alichowaachia baba yao katika misitu ya kaskazini mwa Wisconsin. Kibanda kina jiko moja la kuni. Mwendo wa dakika kumi kutoka hapo kuna mwaloni mmoja ambao kulungu hawezi kuupita bila kusimama kuokota mbegu zake. Kwa miaka kumi na tisa mwaloni ulikuwa wa Orrin na jiko la Verna, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyegawa hivyo.

Mwaka huu Verna alikuja na upinde wake. Akasema, huku akimenya viazi, kwamba mtu anayepumzika mara mbili kwenye ngazi za kanisa hana kazi juu ya mti. Orrin akajibu kwamba atapanda na atashuka, tena peke yake. Wakapatana. Akifika chini kabla ya saa sita mchana bila ngazi na bila mkono wa mtu, mwaloni ni wake mpaka msimu uishe. Akishindwa, atavaa aproni ya Verna, ile ya maua ya njano, na Verna ataenda mwaloni.

Orrin huwinda kwa tandiko. Ni mkanda mpana unaokaa chini ya makalio, ukafungwa kwenye shina kwa kamba fupi, mtu akaning'inia kama mtoto kwenye mbeleko, mikono ikabaki huru kwa upinde. Kinachosumbua ni miguu. Wenzake hununua vibao vya chuma vya kukanyagia, vitu ambavyo Orrin aliviita mizigo ya watu wasiojua kufunga fundo. Yeye alichukua kamba ya katani ghalani, akakata vipande saba. Kila kipande kinazungushwa kwenye shina na kuachiwa kitanzi cha kuingiza buti. Vitano vya kupandia, viwili vya juu vya kusimamia.

Angeishia hapo, leo ningekuwa nasuka ukili, sina hadithi. Lakini kulungu ana pua, na wawindaji wa kule hawalali kwa kufikiria jinsi ya kuua harufu ya mtu. Nyuma ya mlango wa kibanda kuna pipa la Verna la kabichi ya kuchachusha. Orrin akawaza kwamba kabichi ni harufu ya bustani, na hajawahi kusikia kulungu aliyeogopa bustani. Akazitosa kamba zote ndani ya yale maji kwa siku mbili, Verna asijue, kisha akazianika nyuma ya kibanda. Zikakauka zikawa ngumu, na weupe fulani juu yake. Akaudhani ukungu. Ilikuwa chumvi ya kuchachushia kabichi.

Alfajiri alipanda vizuri mpaka akajishangaa. Hatua tano, mita tano, akakaa kwenye tandiko lake, akaingiza buti katika vitanzi vya juu, akatundika upinde tawini. Akajiambia kwamba Verna angemwona sasa angenyamaza mwezi mzima.

Saa tatu asubuhi alisikia mtafuno. Alipotazama chini, alimwona nungunungu amekaa kwenye mizizi, amekishika kikanyagio cha kwanza kwa mikono miwili, anakila polepole kama ajuza mwenye muwa. Nungunungu wa misitu ile hupanda miti, na kwa chumvi haoni aibu. Orrin alimzomea. Akamrushia mbegu za mwaloni. Mnyama akampa mgongo, akasimamisha miiba, akaendelea.

Kikaisha cha kwanza. Akapanda kidogo, kikaisha cha pili. Mpaka saa nne vyote vitano vilikuwa tumboni mwa mgeni, na Orrin alikuwa amebaki na viwili alivyovikanyaga.

Kibanda hakikuwa mbali. Angepiga kelele, Verna angekuja. Alifungua kinywa, akayaona yale maua ya njano ya aproni, akakifunga.

Basi akaanza kushuka kwa vile viwili. Anasimama kwenye kimoja, anafungua kingine, anakifunga chini zaidi, anateremsha mguu, anasogeza na kamba ya tandiko, anapumzika, anaanza upya. Amefika nusu ya mti, nungunungu akainua pua. Akaanza kupanda kufuata harufu.

"We mzee, umeshiba," Orrin alimwambia kwa sauti ya chini. "Hivi viwili ni miguu yangu."

Nungunungu hakujali. Orrin akavua glovu moja, iliyolowa jasho lake lote la asubuhi, akaitupa mbali. Mnyama akasita, akanusa, akateremka kuifuata. Orrin akapata hatua mbili. Glovu ya pili ikampa hatua mbili nyingine. Kofia, ambayo ilikuwa na jasho la misimu kumi, ilimpa tatu. Katikati ya biashara hiyo dume kubwa la kulungu, pembe pana kama kiti cha bembea, likapita chini ya mti, likamtazama mtu aliyekumbatia shina bila kofia, likaenda zake. Upinde ulikuwa bado juu tawini.

Hatua ya mwisho ilikula buti la kushoto.

Alipogusa ardhi kwa soksi, alisikia mtu anakohoa. Verna alikuwa amekaa pembeni, chupa ya kahawa mapajani. Alikuwa amekalia ngazi ndefu ya kibandani, ameilaza kwenye majani.

"Una muda gani hapo?" Orrin aliuliza.

"Tangu glovu ya kwanza."

Orrin aliitazama ngazi, kisha akamtazama mdogo wake, ambaye angetamka tu "nikusaidie, kaka?" yeye angekubali, na mwaloni ungekuwa wa Verna. "Na hiyo umeileta ya nini?"

"Ya kukalia. Magogo yamelowa." Akatazama saa. "Bado dakika ishirini. Umeshinda."

Akammiminia kahawa. Kisha akaokota kipande cha kamba kilichobaki, akakinusa.

"Kaka. Hii si kabichi yangu?"

Orrin akanywa kahawa yote bila kupumua.

Kesho yake ilianguka theluji. Orrin, mwenye mwaloni, hakuwa na kofia, hakuwa na glovu, na buti alikuwa nalo moja. Usiku alikuwa amekata vipande saba vingine vya kamba, akavichemsha kwa maji matupu mara tatu, akamwonyesha Verna fundo lile, akamfungisha mpaka akaliweza akiwa amefumba macho. Alfajiri Verna akaondoka navyo begani. Orrin akachukua aproni, akaifunga nyuma kwa fundo lilelile.

Verna alirudi mchana bila kulungu, mashavu mekundu, akicheka peke yake mlangoni. Akaketi, akaonja supu ya maharage.

"Haina chumvi kabisa, kaka."

"Najua," alisema Orrin, akikoroga. "Humu ndani chumvi tumeacha."